Supu Ndani ya Ndengu

Mke wangu hali nyama. Kwa miaka mingi, kazi yangu kwenye arusi na matanga imekuwa kuwaeleza watu kwamba si mgonjwa, hajajiunga na kanisa geni, na si mimi ninayemnyima. Ukioa mwanamke kutoka Magharibi mwa Kenya, kunakosifiwa kuku, halafu asile kuku, utaulizwa. Shemeji zangu wenyewe walikuwa wakiniuliza, kana kwamba nilikabidhiwa mtu mzima nikaenda kumharibia huku kwetu Kinoo. "Kwani mlimfanyia nini huyu?" Mara ya kwanza nilijibu kwa utani, mara ya pili kwa utani kidogo, mara ya tatu nikawa nimeshapandisha sauti. Mimi hukasirika upesi, sikatai. Mama yangu husema nilizaliwa uso ukiwa umekunjwa tayari.

Ukweli ni kwamba aliacha nyama akiwa kwao, kwenye matanga ya baba yake, kabla hatujajuana. Mzee aliugua miezi mingi, na wote waliokuja kumjulia hali wangeenea kwenye benchi moja. Alipofariki, boma likajaa hadi barabarani. Fahali wa kwanza akachinjwa, wa pili akachinjwa, kuku hata hawakuhesabiwa, na yeye binti wa nyumba hiyo akawekwa motoni kukoroga masufuria. Alinisimulia siku moja tukiwa bado tunachumbiana, tumekaa kwenye nyasi za bustani mjini. "Walikuja kula," aliniambia. "Baba alipokuwa anaomba mtu wa kumgeuza kitandani, hawakuja." Hakuapa wala kuweka nadhiri. Aliwapakulia watu, akanawa mikono, na nyama haikuingia tena kinywani mwake. Mayai aliyaacha baadaye, alisema yananuka. Maziwa yalimsumbua tumbo tangu utotoni, kwa hivyo chai yake ni ya rangi, yenye tangawizi nyingi. Samaki usimtajie.

Nilimheshimu kwa hilo. Nalisema mapema kwa sababu ya yale nitakayoyasema baadaye.

Na tulikula vizuri, mtu asifikirie tuliishi kwa majani kama sungura. Ndengu, maharagwe, githeri, sukuma, managu, mrenda wa kwao unaoteleza, chapati siku za Jumapili. Mimi nyama nilikula nje, buchari iliyo kando ya Waiyaki Way, Jumamosi mchana pamoja na wenzangu. Nilinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kurudi nyumbani. Haikusaidia. Nilikuwa sijakaa hata kwenye kiti, ananiambia, "Leo ilikuwa mbuzi." Na kweli ilikuwa mbuzi.

Yeye ni fundi wa nguo. Ana nafasi yake katika chumba cha mafundi, ghorofa ya tatu ya jengo moja katikati ya jiji, mahali ambapo cherehani kumi hulia kwa pamoja na bado watu wanasikilizana umbea. Lakini cherehani si sifa yake. Sifa yake ni mkono. Gauni la arusi likishonwa na mwingine yeyote, huletewa yeye amalizie: pindo lisiloonekana, shanga moja moja, tundu za vifungo. Mafundi wenzake humwita Mama Sindano. Mimi hutunza jengo la maghorofa kule Kileleshwa, natafuta fundi wa bomba, nagombana na wanaoegesha magari vibaya, na jioni nafika nyumbani kabla yake. Kwa hivyo siku nyingi mimi ndiye mpishi. Binti yetu yuko shule ya bweni, na nyumba ilikuwa ya watu wawili.

Mambo yalianza na uchovu. Alikuwa anapanda ngazi za jengo lao, anapumzika ghorofa ya kwanza, anapumzika ya pili. Nilimtania kwamba amezeeka, akacheka. Kisha akaanza kuangusha vitu: kijiko, simu, kikombe. Nikamkaripia kwa sababu ya kikombe, Mungu anisamehe. Hakusema kwamba vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Alinificha hilo kwa miezi, na wahenga walishasema mficha uchi hazai, lakini nani anawasikiliza wahenga akiwa na kazi za wateja?

Aliyeona kwanza ni mama yangu, huko Mutuini. Tulikuwa tumeenda kumsalimia Jumapili baada ya kanisa. Mama alimshika mkwewe kidevu, akamvuta jicho chini kama mtu anayenunua mbuzi, akatazama, akaniita nyuma ya nyumba karibu na zizi.

"Huyu hana damu," akasema.

"Amechoka tu, Mama."

"Hana damu, nakuambia. Ama kuna mgeni njiani?"

Mke wangu alikuwa na miaka arobaini na moja. Nilicheka, mama hakucheka. Kwetu sisi, neno damu ni jibu la kila swali. Ukiwa mweupe midomoni, damu. Ukiwa na kizunguzungu, damu. Na damu ina dawa zake zinazojulikana. Kuanzia siku ile mama akawa anatuma njahi, yale maharagwe meusi wanayopikiwa wanawake waliojifungua. Akatuma majani ya thabai aliyoyachuma kwa mikono yake huku yakimwasha. Akatuma bitiruti kwenye gunia. Nikaona mimi nami nisiachwe nyuma, nikaingia duka la dawa nikaomba vile vidonge wanavyopewa akina mama wajawazito vya kuongeza damu. Muuzaji hakuniuliza neno, alinipongeza.

Mke wangu alivimeza kila siku bila kukosa. Baada ya miezi miwili hivi tukaenda kwenye zahanati ndogo pale Kinoo, akadungwa kidole, mashine ikasema damu iko juu, iko sawa kabisa. Nilimpigia mama simu tukiwa bado mlangoni. Aliimba. Mimi nilitembea kifua mbele hadi nyumbani kana kwamba ni mimi niliyeitengeneza hiyo damu.

Wiki iliyofuata alirudi kutoka mjini na gauni la arusi kwenye mfuko. Hakunisalimia. Alilitandaza kitandani, gauni jeupe, na kwenye pindo kulikuwa na madoa mekundu, moja hapa, moja pale, mstari mzima.

"Ni nini hii?" nikauliza.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa najidunga. Sikusikia."

Akanipa mkono wake nitazame. Ncha za vidole zilikuwa zimejaa vitundu. Hapo ndipo aliponiambia yote: ganzi, wadudu wanaotembea chini ya ngozi, nyayo ambazo asubuhi zinakanyaga sakafu kama amevaa soksi nene. Alisema kwa sauti ndogo, bila kulia. "Nisipokuwa na vidole, mimi ni nani pale mjini?" Nikamwambia vidole vitarudi, kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyevificha. Nilikuwa naogopa. Nikiogopa huwa mkali, na watu hudhani nina hasira.

Sasa sikia ujinga wangu. Jumamosi nikiwa buchari nikamweleza jamaa anayechoma nyama, nikamwambia damu imepanda lakini vidole vinakufa. Yule bwana alikuwa anageuza mbavu. Hata hakuinua macho.

"Hiyo si damu, boss. Hiyo ni mishipa. Mishipa inataka supu ya mifupa. Kwani ako na shida gani na supu? Si kunywa tu."

"Hatakunywa."

"Basi usimwambie."

Alisema kirahisi hivyo, akaendelea na mbavu zake. Mimi nilibeba maneno yale hadi nyumbani, na Jumatatu nikabeba supu yenyewe kwenye chupa ya chai.

Niliichuja kwa chujio, mara mbili, nikaengua mafuta, nikapikia ndengu. Kitunguu kingi, dania nyingi, tangawizi, nyanya, ili harufu ipotee. Chujio nikalifunga kwenye gazeti nikalitupa mbali. Aliporudi nilimpakulia, nikakaa mkabala naye. Nilikuwa nimetayarisha uongo wa kila aina. Alikula, akashukuru, akaenda kuoga. Nikajipongeza, haki ya Mungu nilijipongeza. Alhamisi nikarudia.

Mara ya tatu nilizembea. Nilichelewa Kileleshwa kwa sababu ya lifti iliyokwama, nikapika haraka, sikuengua vizuri. Nilipoweka sahani mezani chini ya taa niliona duara ndogo ndogo za mafuta zikielea juu ya ndengu. Hata harufu ilikuwepo, mimi mwenyewe niliisikia, harufu ya ng'ombe mtupu. Nikasema leo nimepatikana, njia ya mwongo ni fupi. Yeye akamega ugali, akachovya, akala. Akamega tena. Alikula polepole, macho yako mbali.

Kisha akauliza, "Umetia chumvi?"

Nilikuwa nimetia chumvi mara mbili kwa ile haraka yangu. Midomo yangu ilikuwa inawaka.

"Nimetia," nikasema. "Kwani husikii?"

"Sijui. Siku hizi chakula chote ni kama kutafuna pamba. Kitambo sasa. Nilidhani ni upishi wako, nikaona nisikuvunje moyo."

Nikamwambia atoe ulimi. Alicheka, akautoa kama mtoto. Ulikuwa mwekundu na laini, unang'aa, ule ukwaruzo wa ulimi haupo. Huyu ni mtu aliyekuwa akijua mbuzi na ng'ombe nikiwa bado mlangoni. Nilikuwa nimemwekea ng'ombe chini ya pua, na hakujua. Nilitamani anishike. Nilitamani ainue sahani anirushie usoni. Nilitaka kumnyang'anya kile chakula, lakini ningesema nini? Akamaliza sahani yote, kwa kunihurumia mpishi.

Asubuhi sikwenda kazini. Nilimwambia, "Vaa, tunaenda hospitali kubwa." Hakubisha, na mke wangu ni mtu wa kubisha.

Daktari alikuwa msichana mdogo tu, wa umri wa wapangaji wangu wanaosahau kufunga mfereji. Nilimdharau kidogo, nikisema kweli. Lakini hakuanza na damu. Alichukua pamba, akamwambia mke wangu afumbe macho, akamgusa vidole na nyayo, akimuuliza "hapa? na hapa?" Mke wangu alikuwa anajibu "ndiyo" mahali ambapo hakuguswa. Kisha daktari akaketi, akasema, "Mama, hebu niambie unakula nini. Anza na jana."

Mke wangu akamweleza. Chai ya rangi, chapati, ndengu, mboga.

"Nyama?"

"Hapana."

"Samaki? Mayai? Maziwa?"

"Hapana. Nyama ni miaka kumi na tisa sasa."

"Hata supu?"

"Hata supu." Akageuka kunitazama, anatabasamu, mkono wake juu ya goti langu. Kulikuwa na fahari katika ule uso. "Muulize huyu mzee. Yeye ndiye mpishi wangu."

Daktari akanitazama. Nimewahi kudanganya watu wengi katika kazi yangu. Ukitunza jengo huwezi kusema ukweli kuhusu maji kila siku. Lakini pale, nikiwa na ule mkono gotini, mkono usiosikia goti, sikuweza.

"Amekula," nikasema. "Mara tatu. Nilimtilia supu ya mifupa kwenye ndengu. Hajui."

Mkono ukaondoka. Hakuutoa kwa nguvu, aliuinua tu na kuuweka juu ya mkoba wake. Daktari alishika kalamu bila kuandika. Nje ya mlango mtu alikuwa anaita namba za foleni, na sisi watatu tukasikiliza zile namba.

Baadaye daktari akazungumza, na alizungumza na mke wangu, si na mimi. Alimwambia kuna vitamini inayoitwa B12, mwili unaitumia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwenye mboga na nafaka haipo, hata ule kwa upendo namna gani. Mwili huweka akiba yake kwa miaka, ndiyo maana mtu anaweza kuacha leo na asione kitu, akiba ikapungua taratibu, hadi siku inakwisha. Alisema atapima ahakikishe, lakini anadhani ndiyo hiyo.

"Lakini damu yake ilipanda," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Ilipanda kwa vile vidonge, baba. Vina vitamini nyingine inayosaidia damu tu. Damu ikaonekana nzuri, mkatulia. Mishipa haikupata kitu, ikaendelea kuumia."

"Na supu?"

"Supu haina maana sana hapa, wala kusaidia wala kudhuru." Akasita, kisha akaongeza, "Kwa ugonjwa, namaanisha."

Mke wangu akamuuliza swali moja tu. "Lazima nile nyama?"

"Si lazima. Watu wengi hawali na wako sawa. Ila anayekula mboga tupu lazima aipate hii kitu kwa njia nyingine, sindano ama vidonge, maisha yake yote. Hakuna mtu aliwahi kukuambia?"

Hakuna aliyewahi kutuambia. Watu wote wale walioniuliza kwenye arusi na matanga, mwanamke gani huyu asiyekula kuku, hata mmoja hakutuambia.

Tulishuka ngazi za hospitali. Tukatembea hadi kituo cha magari, jua limewaka, watu wanauza miwani na njugu. Nilikuwa nasubiri anigombeze. Mimi ningepiga kelele hadi askari waje. Alisimama pale kwenye kona, akanitazama kwa macho makavu.

"Ulinilisha matanga ya baba," akasema.

Hakusema lingine kuhusu jambo hilo, siku ile wala wiki zilizofuata.

Majibu yalitoka, na ilikuwa ndiyo hiyo. Sindano zikaanza, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwenye zahanati ya Kinoo. Aliniruhusu nimsindikize nibebe mkoba. Siku ya kwanza muuguzi alivunja kichupa, akavuta dawa, nayo ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya sharubati. Mke wangu akarudisha mkono nyuma.

"Hiyo ni damu?"

"Hapana, mama. Ni rangi yake tu."

"Inatoka kwa mnyama?"

Muuguzi akageuza sanduku, akasoma yale maandishi madogo kwa muda mrefu. Akaenda kuuliza ndani, akarudi. "Wanasema inatengenezwa na vijidudu. Wanafugwa kwenye matangi. Hakuna ng'ombe hapo." Mke wangu akalichukua lile sanduku, akalitazama pande zote, kisha akaniangalia mimi, na nikajua anachofikiria: kwamba sasa lazima aulize kila kitu. Mtu aliyekuwa anakula nilichompa bila kutazama. Akakunja mkono wa blauzi.

Nyumbani alianza kujipikia. Alinunua sufuria ndogo, yake, na baada ya kupika aliifunika kwa sahani. Hakuwa mkali. Alinisalimia asubuhi, alinifulia mashati, alinieleza habari za mjini, nani amegombana na nani juu ya cherehani. Lakini chakula changu alikipita kama nyumba ya jirani. Siku moja alikuwa anaepua ile sufuria, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikatazama, ni kidole chake kimegusa ukingo na yeye hajui. Nikaruka kumshika mkono. "Wacha," akasema. Akauweka mwenyewe kwenye maji. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za ploti tunakopanga nikilia kama mtoto mdogo, na mpangaji wa chini akajifanya anaanika nguo ili asinione.

Niliomba msamaha. Niliomba asubuhi, nikaomba jioni, nikaomba kwa simu akiwa kazini. Alikuwa anajibu "sawa". Ile sawa yenyewe ilikuwa inanimaliza. Mwishowe nikaenda Mutuini peke yangu nikamweleza mama, nikitarajia anifukuze na fimbo. Mama alikuwa anapukuchua mahindi.

"Hata mimi nilifikiria kumtilia," akasema. "Kwenye njahi."

"Ukafanya?"

"Niliogopa. Yeye hajawahi kunitilia kitu mimi." Akapukuchua hindi lingine. "Na hayo maombi yako ya msamaha, acha. Ukimwomba kila siku unamtwika kazi. Ana sindano, ana kushona, na sasa kila asubuhi akusamehe wewe? Nyamaza, kijana. Ngoja."

Kungoja si kipaji changu. Nilijikaza kisabuni. Niliosha vyombo, vyangu na ile sufuria yake ndogo, nikaiweka imefunikwa. Nilimpeleka kudungwa sindano na kumrudisha. Nilinunua kalenda ya ukutani nikaweka alama siku za dawa, kwa sababu baadaye zilipungua, ikawa mara moja kwa wiki, na baadaye tena mara moja kwa mwezi. Nyama niliacha kwa muda, kisha nikarudia, kwa sababu hata yeye alinicheka: "Ukinikondea hapa watasema ni mimi nimekunyima."

Mwanzoni vidole vilimuuma zaidi kuliko zamani. Daktari alisema ni dalili nzuri, mishipa inaamka. Rangi ikarudi midomoni. Siku moja alitafuna kitunguu kibichi akafumba macho, akaniambia, "Kikali." Sikujibu, niliogopa nisije nikaharibu. Kazini wakampa vitambaa vya mazoezi, kisha mapindo ya mapazia, kisha gauni moja la binti wa rafiki. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikurudi vyote, na nyayo nazo asubuhi bado zina ile soksi nyembamba. Daktari alisema tulichelewa, huenda vikabaki hivyo. Sasa anapitisha sindano kwa vidole vilivyosalia, polepole zaidi, na wateja wanangoja. Nikiwaona wanangoja huwa nataka kuwabusu.

Halafu ikaja Ijumaa moja. Alifika mapema, jua bado liko kwenye mapazia. Alikuwa amemalizia shanga za gauni zima, la kwanza tangu augue. Aliweka mkoba chini, akaegemea mlango wa jikoni, kiatu kimoja tayari mkononi.

"Nimechoka," akasema. "Nipikie."

Neno hilo moja. Nikabaki nimeshika kitambaa cha vyombo.

"Nikupikie nini?"

"Chochote. Lakini nikikuta mfupa nakurudisha kwa mama yako."

Akaenda chumbani. Mimi nikaanza kupika. Nilitoa kila kitu nikakipanga mezani wazi: mfuko wa ndengu, kitunguu, nyanya, dania, chumvi, mafuta yakiwa na lebo yake imegeuzwa mbele. Mlango wa jikoni niliuacha wazi kabisa. Nilitaka aje aone. Nilikuwa nafunika na kufunua sufuria kwa kelele ili ajue ndiyo wakati wa kuja kuchungulia. Nikamwita, "Naweka kitunguu!" Kimya. "Naweka maji, maji ya mfereji!" Kimya. Nikafikiri amebadilisha mawazo, amekasirika, nimemharibia jioni kwa kelele zangu.

Ndengu zilipoiva nikaenda chumbani kumwambia. Alikuwa amelala kwa ubavu juu ya shuka, kiatu kimoja bado mguuni, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Alikuwa amelala tangu nilipowasha moto. Hakusikia kitunguu wala maji. Hakuwa amekuja kutazama, wala hakuwa na nia ya kuja.

Nilimvua kile kiatu. Nikapakua, nikaleta sahani hapo hapo kitandani, nikamgusa bega. Akaketi, nywele zimelala upande mmoja, akaipokea kwa mikono miwili, macho hata hayajafunguka vizuri. Hakunusa. Hakutazama ndani. Akala.